Pinhão: Mandhari Inauzwa, Ukuta Anaujenga Nani?

Neno la kwanza nililolielewa Pinhão bila msaada wa mtu lilikuwa "pipa". Mzee mmoja mwenye shamba, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi, alikuwa akilalamika kwa mwenzake katika mkahawa ulio karibu na stesheni. Katika Kireno chake chote cha mbio nikadaka hilo tu: pipa, pipa, pipa. Kwetu pipa ni la maji, la mafuta, la taka. Kwao ni kipimo, lita 550 za mvinyo, na ndicho kinachoamua kama mkulima wa bonde la mto Douro atapumua mwaka huu au atakopa. Neno hilo tulilipata kwao tangu enzi za majahazi yao pwani yetu, pamoja na mvinyo, meza, leso na gereza. Hilo la mwisho kwao ni kanisa. Jinsi lilivyogeuka kuwa jela kwetu tuiachie siku nyingine.

Pinhão ni mji mdogo wa kaskazini mwa Ureno, umejibana pale mto wenye jina hilohilo unapoingia Douro. Wakazi wake hawafiki elfu moja. Una barabara kuu moja, daraja la chuma la mwanzoni mwa karne ya 20, gati, na stesheni ambayo wageni huipiga picha kabla hata hawajatua mizigo. Reli ilifika hapa mwaka 1880. Kuta za stesheni zimevikwa michoro 24 ya vigae vya buluu na nyeupe, kazi ya mwaka 1937: wanawake wakichuma zabibu, wanaume wenye matenga makubwa mgongoni, mashua zikishusha mapipa mtoni. Ukitoka Porto ni safari ya saa mbili na nusu hivi. Kaa upande wa kulia, maana treni ikishaukuta mto haiuachi tena, na uzuri wote uko dirisha hilo.

Uzuri wenyewe ni milima iliyochongwa ngazi kuanzia majini hadi kileleni. Kila ngazi imeshikwa na ukuta wa mawe ya shisti yaliyopangwa bila saruji, na juu yake imesimama mistari ya mizabibu. Udongo haukuwapo, watu waliuvunja kutoka kwenye mwamba kwa mitaimbo. Majira ya joto nyuzi zinapita 40, na wenyeji wana msemo kwamba mwaka wao una miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu. Desemba 2001 UNESCO iliorodhesha eneo hili kuwa Urithi wa Dunia. Tangu hapo, na hasa katika miaka kumi na kitu iliyopita, wageni wamemiminika. Ubishi unaosikika bondeni sasa ni kama wageni hawa wanaubeba mji au mji ndio unaowabeba wao.

Anayewatetea wageni ana hoja nzito, na ya kwanza ni ya kihistoria. Mvinyo wa hapa, ule mtamu mkali unaoitwa Port, haukuwahi kuutajirisha mji huu. Unatengenezwa kwa kukatiza uchachukaji: zabibu zikishachacha siku mbili tatu, sukari bado nusu, humiminiwa pombe kali ya asilimia 77, kipimo kimoja kwa vinne hivi. Chachu hufa, utamu hubaki. Halafu mvinyo ulikuwa ukiteremshwa mtoni kwa mashua bapa ziitwazo rabelo hadi Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya Porto. Huko ndiko ulikozeeshwa, ukatiwa chupani na kupewa majina, mengi yao ya Kiingereza. Hadi mwaka 1986 sheria ilitaka Port yote inayouzwa nje ipitie Gaia. Mlimani ilibaki kazi, mdomoni mwa mto ikabaki faida.

Sheria ilipolegezwa mwaka huo, shamba la huku juu, quinta kama wanavyoliita, liliweza kujaza chupa zake na kuziuza lenyewe. Anayeuza chupa mlangoni anahitaji mtu wa kubisha mlango huo, na mtu huyo ndiye mgeni. Kwa hiyo anayesema utalii umeuharibu utamaduni wa mvinyo wa Pinhão anasahau kwamba ndio uliompa mwenye shamba nafasi ya kwanza ya kumtazama mnywaji wake usoni. Mabinti na vijana waliokuwa wakienda Porto au Ufaransa kutafuta kazi, baadhi yao leo wanaongoza wageni katika maghala ya mapipa kwa lugha tatu. Hilo si jambo la kubeza katika nchi ambayo vijiji vya bara vinabaki na wazee na paka.

Mpaka hapo nakubaliana nao. Shaka yangu ilianzia gatini.

Saa nne asubuhi meli mbili za kulala wageni zilikuwa zimefunga kamba, kila moja ndefu kuliko jengo lolote la mjini, mita 80 hivi, kwa sababu malango ya mabwawa ya mto, yaani vyumba vya maji vinavyoinua na kushusha vyombo, hayapitishi iliyozidi sana hapo. Abiria walishuka wakiwa na vifaa vya kusikilizia masikioni. Wakaongozwa hadi stesheni, wakatazama vigae kwa dakika kumi na mbili (nilihesabu), wakapandishwa basi kwenda kuonja mvinyo kwenye quinta iliyokwisha kupangwa, wakarudishwa. Chakula cha mchana kilikuwa melini. Mama mwenye duka la chupa, mafuta ya zeituni na lozi alisimama mlangoni mikono nyuma, akiwasalimia kila kundi linapopita. Katika watu zaidi ya mia, niliona wawili wakiingia. Mmoja aliuliza choo.

Meli hizo zinawezekana kwa sababu ya mabwawa matano yaliyojengwa upande wa Ureno kati ya miaka ya 1970 na 1980. Lango la bwawa la Carrapatelo peke yake huinua chombo mita 35 hivi. Kabla ya hapo Douro ulikuwa mto wa kuua. Mwaka 1861 Joseph James Forrester, mfanyabiashara Mwingereza aliyeuchorea mto huo ramani, alizama kwenye maporomoko ya Valeira. Dona Antónia Ferreira, mwanamke aliyemiliki mashamba makubwa bondeni humo, alikuwa kwenye mashua hiyohiyo akapona. Husimuliwa kwamba sketi yake pana ilijaa hewa ikamfanya aelee. Leo mto umetulia kama ziwa, na utulivu huo umeigeuza Pinhão kuwa kituo cha kupitia. Idadi ya abiria katika Douro ilikuwa imepita milioni moja kwa mwaka hata kabla ya korona, ingawa wengi wao ni wa safari fupi za chini ya madaraja ya Porto. Takwimu kama hizo hupendeza kwenye hotuba, ila hazikwambii nani alinunua kahawa.

Hapo ndipo nilipotaka kujua yule mzee wa mkahawani alilalamikia nini. Kijana aliyekuwa akihudumia, mjukuu wa mkulima naye, alinifafanulia.

Kila mwaka hutangazwa kiasi cha Port kinachoruhusiwa kutengenezwa, na kila kipande cha shamba hupata mgao wake kulingana na daraja lake: mwinuko, mteremko, udongo, umri wa mizabibu. Mgao huo huitwa benefício. Zabibu zenye mgao hulipwa vizuri. Zisizo na mgao huenda kwenye mvinyo wa kawaida kwa bei ya chini mara kadhaa, wakati mwingine isiyorudisha hata gharama ya vibarua. Mwaka 2023 kiasi kilichoruhusiwa kilikuwa mapipa 104,000. Mwaka 2024 kikashuka hadi 90,000. Mwaka 2025, 75,000. Dunia inakunywa Port kidogo kuliko zamani, na maghala yamejaa. Mkulima mwenye hekta moja au mbili, na wengi ni wa aina hiyo, amepoteza zaidi ya robo ya mgao wake katika mavuno mawili, hali ukuta wake ni uleule, mteremko ni uleule, na trekta halipandi.

Mkulima wa zabibu wa Dodoma akisoma hapa atatabasamu kwa uchungu. Yeye huvuna mara mbili kwa mwaka na bado anajua maana ya kusubiri mnunuzi huku mzigo unaoza.

Sasa, haki itendeke: mgeni hakuishusha bei hiyo. Asingekuja hata mmoja, Port ingeshuka vilevile. Ila tazama kinachouzwa. Picha kwenye tangazo la meli si ya chupa wala ya ghala, ni ya mlima wenye ngazi. Chumba cha hoteli kinachotazama mlima ni ghali kuliko kinachotazama maegesho. Mgeni analipia mandhari, na mandhari hiyo ni kuta zinazotunzwa na watu wanaolipwa kwa kilo ya zabibu. Mvua kubwa ikibomoa mita tano za ukuta, anayeita fundi wa mawe na kumlipa ni mwenye zabibu, na mafundi wa kazi hiyo wamekuwa adimu. Mwenye meli hamjui hata kwa jina. Kwa maneno mengine, utalii wa Douro unavuna shamba usilolipalilia, na hii ndiyo kasoro yake kubwa, kuliko msongamano na kelele ambazo watu hupenda kuzilaumu. Pinhão yenyewe saa mbili usiku, meli zikishaondoka, unasikia vyura.

Wapo watakaojibu kwamba mapato hufika kwa njia ya kuzunguka: quinta kubwa hupata wageni, hununua zabibu za majirani, huajiri. Ni kweli kwa kiasi. Lakini quinta zenye jumba la kuonjea na maegesho ya mabasi ni chache, na nyingi ni za makampuni makubwa yenye ofisi Gaia. Faida ileile iliyoteremka na mashua karne mbili inaweza kuteremka tena, safari hii na meli. Na msimu wa mavuno ukifika, Septemba, wanaochuma mara nyingi ni vibarua waliokuja kupitia madalali wa kazi, wengi kutoka Asia ya Kusini. Kwenye vigae vya stesheni hawamo.

Jioni moja quinta fulani iliwaalika wageni kukanyaga zabibu. Birika pana la granite, lagar, limejaa hadi mapajani. Tumepewa kaptura safi. Nusu saa ya kwanza unashikana mabega na wenzako na kwenda hatua moja moja, mtu akihesabu kwa sauti, kushoto, kulia. Juisi ni baridi kuliko unavyodhani, na mbegu zinakwaruza nyayo. Halafu kodiani inaanza na kila mtu anacheza apendavyo. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nje, mlangoni, vibarua wawili waliokuwa wamechuma tangu alfajiri walikuwa wameketi juu ya makreti wakitutazama tunavyolipia kufanya kazi.

Kwa msomaji asiyekunywa, na najua ni wengi, swali kama safari hii inamfaa lina jibu rahisi kuliko watu wanavyodhani. Inamfaa. Mizeituni hupandwa kandokando ya mizabibu na mafuta yake ni ya kuchovyea mkate mpaka ukome. Lozi zipo, treni ipo, na kupanda kwa miguu hadi kijiji cha Casal de Loivos, juu kabisa ya mji, kunatosha kumlipa mtu nauli yake. Kuonja hakulazimishwi popote. Wenyeji hawakutazami vibaya ukiomba juisi, ingawa mmoja aliniuliza kama naumwa.

UNESCO nayo imeleta mtego wake. Ukuta wa mawe ni ghali. Ngazi za udongo zilizosukumwa kwa buldoza tangu miaka ya 1970 na 1980 ni rahisi na trekta dogo linapita. Urithi unataka ukuta ubaki, hesabu za mkulima zinataka buldoza. Kumwambia mtu ahifadhi kitu kwa ajili ya macho ya dunia bila dunia kuchangia jiwe hata moja si uhifadhi, ni kumtwisha mzigo kwa heshima. Ningekuwa na sauti, ningetaka kila tiketi ya meli inayopita malango yale ikatwe fedha kidogo, iende moja kwa moja kwenye kuta za wenye hekta mbili. Wenye meli watasema wageni watakimbilia mto Rhine. Sidhani. Aliyelipa maelfu ya yuro kwa wiki moja hasusii safari kwa bei ya glasi.

Kwa anayepanga kwenda, mimi nasema nenda, lakini panda treni, lala usiku angalau mbili, kula mjini, na nunua chupa au mafuta kwa aliyevilima. Ukienda kwa meli hutafanya dhambi. Utakuwa umeiona Pinhão kama sinema.

Wakati wa kurudi nilikaa dirisha la kushoto. Kabla ya mji wa Régua, ng'ambo ya mto, kuna vipande vya mlima ambavyo ngazi zake zimejaa vichaka na mizeituni ya porini. Huitwa mortórios. Ni mashamba yaliyouawa na filoksera, mdudu wa mizizi aliyeingia bondeni miaka ya 1860, na wenyewe hawakupata nguvu ya kuyarudia. Kuta zake bado zinasimama hapa na pale, nyingine zimemwagika kama meno. Jua la jioni lilikuwa limezipiga zikawa rangi ya asali. Abiria aliyekaa mbele yangu akainua simu, akasema ni nzuri mno, akapiga picha.