Saini, saini, saini! Kioo chenyewe mmekiangalia?

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mnada wa vitu vya kale, nimesimama nyuma ya jamaa mmoja tunayejuana kwa sura tu, na mezani kuna bakuli la kioo cha kuchongwa, pana, zito, lile la kuwekea matunda, vumbi limejaa kwenye mifereji lakini bado linarusha mwanga kama lina hasira na mtu. Jamaa akalichukua. Nikasubiri alipapase, aliinue kwenye mwanga, aligonge kidogo kwa ukucha. Wapi! Akawasha tochi ya simu akaanza kutafuta saini. Chini, ndani, pembeni, chini tena. Dakika tano nzima watu tunamsubiri. Alafu akalirudisha mezani kama mtu anayerudisha nyanya iliyooza, akanigeukia akasema, "Halina saini, hilo ni bakuli tu."

Bakuli tu. Haya.

Hiyo kauli nimelala nayo siku tatu, na leo naitapika hapa maana si yeye peke yake. Siku hizi ukionyesha watu kipande chochote, swali la kwanza ni saini iko wapi. Hakuna anayeuliza kimechongwaje. Hakuna anayeuliza ncha zake zikoje. Ni kama mtu aletewe pilau, badala ya kuonja anauliza chapa ya sufuria.

Tuanze na hiki kitu chenyewe mnachokiita saini. Si saini, ni muhuri. Muhuri wa mpira unaopakwa asidi na kubandikwa kwenye chombo ambacho kazi yake imeshaisha, na jina linalobaki pale ni la kiwanda. Hawkes, Libbey, Hoare, hayo ni majina ya makampuni ya kioo ya Marekani. Aliyechonga hakuandika jina lake popote. Yeye alikaa mbele ya gurudumu la chuma linalozunguka, juu yake faneli inadondosha mchanga uliolowa, kashika bakuli kwa mikono miwili analikandamiza kwa juu mpaka linakatika mfereji. Na hapa ndo pananimaliza kabisa: gurudumu liko chini ya bakuli, kwa hiyo pale linapokata hapaoni, inabidi atazame kupitia kioo chenyewe kutoka upande wa ndani, kwenye maji na mchanga na ukungu, afuate mistari iliyopakwa rangi kwa brashi. Akimaliza hapo anahamia gurudumu la jiwe kulainisha alichokwaruza, kisha gurudumu la mbao na unga wa kung'arishia, mfereji mmoja mmoja, mpaka kioo kirudi kuwa maji. Mkono ukiteleza kidogo tu mstari umepita nyota. Ukikandamiza zaidi, umetoboa, na kazi ya siku kadhaa inaenda kwenye pipa la vigae.

Huyo mtu ndo unamwita "bakuli tu" kwa sababu bosi wake hakugonga muhuri.

Na mabosi wenyewe wengi hawakugonga! Dorflinger, kule White Mills, Pennsylvania, mojawapo ya viwanda vikubwa kabisa vya enzi ile ya mwishoni mwa miaka ya 1800, kazi zao zilitoka na lebo ya karatasi. Karatasi, jamani. Chombo cha mezani, kikaoshwa mara mbili tatu, lebo imeenda na maji. Rais Benjamin Harrison alipoagiza vyombo vipya vya kioo kwa ajili ya Ikulu ya Marekani mwaka 1891, kazi walipewa Dorflinger. Kwa kipimo cha jamaa yangu wa mnadani, rais alikuwa anakunywea glasi tu.

Na hapohapo kuna funzo jingine kwa wale wanaojiona wajanja, wanaosema "mi siangalii saini, mi naangalia nakshi." Ile seti ya Harrison ilichongwa kwa nakshi inayoitwa Russian, nyota zimebanana kama mkeka. Hakimiliki ya nakshi hiyo ilichukuliwa mwaka 1882, tena kwa upande wa Hawkes wa Corning, mji ulioko jimbo la New York, siyo Dorflinger. Na viwanda vingine vikaichonga pia kwa raha zao. Kwa hiyo ukiona Russian ukatamka "hii ni Hawkes" kwa kujiamini, umebahatisha tu. Zaidi ya hapo Hawkes kwa miaka mingi hawakuwa hata na tanuri, vyombo visivyochongwa walinunua kwa Corning Glass Works wao wakachonga tu, mpaka Steuben, kiwanda cha kioo cha palepale Corning, kilipoanzishwa 1903 ndo wakawa na mtu wa karibu wa kuwapulizia. Kioo cha huyu, mkono wa yule, muhuri wa mwingine. Saini gani sasa unayotafuta?

Nirudi kwa jamaa, maana hakuondoka mikono mitupu. Alipata kibakuli kidogo chenye mpini, na ndani, katikati kabisa, muhuri wa J. Hoare: duara, jina, Corning, na mwaka 1853. Alifurahi mpaka nikamwonea aibu. "Ya 1853 hii! Karibu miaka mia mbili!" Ndugu yangu. Huo ni mwaka ambao kampuni ilijihesabia kuwa imeanza, ni tangazo la biashara, kama duka linavyoandika mlangoni tangu mwaka fulani. Hoare mwenyewe alihamia Corning 1868, sasa kibakuli cha Corning cha 1853 kilichongwa na nani, na malaika? Mtindo wenyewe, mifereji mirefu ya kina na nyota kubwa zenye miali mingi, ni wa enzi ile iliyopamba moto baada ya maonyesho ya Philadelphia ya 1876 na kuzimika vita ya kwanza ya dunia ilipofika.

Nikamwomba nikiangalie kwa lenzi. Akanipa kwa shingo upande.

Sasa sikilizeni maana hii nilijifunza kwa maumivu. Muhuri halali uligongwa chombo kikiwa kipya. Baada ya hapo vijiko vimepita, visu vimepita, mtu kasugua, mtu kaburuza, miaka mia na zaidi. Kwa hiyo mikwaruzo inatakiwa ikate herufi. Ukitazama kwa lenzi unaona mistari midogo inapita juu ya muhuri, inaingia herufi moja na kutokea nyingine, hovyohovyo, kila mmoja na uelekeo wake. Kile kibakuli kilikuwa na mikwaruzo mingi tu, lakini ikifika kwenye muhuri inazama chini yake. Herufi zote nzima, nyeupe, safi kama zimepigwa jana asubuhi. Tena zinasomeka ukiwa umesimama, wakati muhuri halisi mara nyingi umefifia kiasi kwamba inabidi uinamishe kioo taratibu kwenye mwanga, au ukipumulie ukungu, ndo ujitokeze sekunde mbili na kupotea. Kioo chenyewe kilikuwa cha kuchongwa kwa mkono, sikatai, tena kizuri. Muhuri ndo wa juzi. Mtu alikuwa na chombo kizuri kisicho na jina, akajua wateja wa siku hizi wanatafuta nini, akatengeneza stempu, akapaka asidi. Sisi wenyewe ndo tumemfundisha biashara hiyo.

Sikumwambia. Alikuwa ameshalipa, na uso ule ulikuwa na furaha. Au niseme tu nilikuwa mwoga.

Nasema nilijifunza kwa maumivu kwa sababu mi mwenyewe nina bakuli lenye jina la Libbey na ule upanga mdogo chini yake, nililinunua miaka ile naanza, nikalizungusha kwa kila mgeni aliyeingia nyumbani. Shangazi yangu, ambaye hajui Libbey wala nani, alilishika akasema, "Mbona halikwaruzi vidole?" Nikacheka, nikamweleza habari za saini. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa alichosema. Halikuwa limechongwa kabisa. Lilifyatuliwa kwenye kalibu kama tofali, alafu likagongwa muhuri wa uongo. Kioo cha kuchongwa kina ncha. Ukipitisha kidole juu ya nyota inakushika, wakati mwingine inakukata. Cha kalibu kinateleza, pembe zake ni za mviringo kama sabuni iliyotumika. Vidole vya shangazi viliona kwa sekunde moja kitu ambacho lenzi yangu ilikosa kwa sababu lenzi ilikuwa inasoma jina.

Kwa hiyo nenda na vidole kwanza. Nje, tafuta ncha. Kisha ingiza mkono ndani, pale upande wa pili wa mifereji. Kukiwa laini kabisa, vizuri. Ukihisi mawimbi yanayofuata nakshi ya nje, shtuka, kwa sababu miaka ya mwanzo ya 1900 viwanda vilianza njia ya mkato, mifereji mikubwa inatoka tayari kwenye kalibu na gurudumu linakuja kunoa tu, kwa hiyo ncha inakuwepo na bado umedanganyika nusu. Tazama pia makosa. Ndiyo, makosa. Penye mkono wa mtu kuna mstari uliozidi kidogo, nyota moja nene kuliko jirani yake. Kalibu haikosei, inarudia tu. Kisha ingia ndani ya mfereji na lenzi: gurudumu la mbao linaacha vistari vyembamba sambamba, asidi inaacha mng'ao kama wa nta, umelegea kidogo. Uzito unasaidia kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo kwenye kioo. Mlio pia, bakuli lililo wazi likigongwa linaimba muda mrefu, ila lenye ufa linakohoa tu, na chupa zenye shingo nyembamba haziimbi kabisa hata ziwe halali vipi.

Taa ya zambarau ya kupimia kioo? Inasaidia kiasi, ila kuna watu wameigeuza mganga wa kienyeji. Programu za simu za kutambua vitu kwa picha? Picha haina vidole. Na anayeosha hivi vitu kwenye mashine ya kuoshea vyombo, sina la kumwambia, tusalimiane tu kwa mbali.

Haya, nikubali na la upande wa pili maana najua mtaniandama. Ndiyo, muhuri halali unapandisha bei. Ndiyo, unasaidia kupanga kipande kwenye kipindi chake, maana kampuni zilibadilisha mihuri. Ndiyo, Libbey walipojenga kiwanda kizima ndani ya maonyesho ya Chicago ya 1893 watu wakaingia kutazama kioo kikipulizwa na kuchongwa, jina lile lilikuwa na uzito wake, sibishi. Ukiniletea Hawkes halali sitakirudisha. Lakini muhuri utafute mwisho, baada ya kila kitu kingine kukuambia ndiyo. Mnaanza na mwisho, alafu mnashangaa mbona makabati yenu yamejaa majina makubwa kwenye vioo vya kufyatua.

Lile bakuli lisilo na saini nililinunua mimi, bila kushindana na mtu. Nimeliosha kwa maji ya uvuguvugu na mswaki laini, taulo chini ya beseni. Kwenye nyota ya tatu kutoka pale ukingo ulipomeguka kidogo, kuna mwali mmoja uliopita, kama upana wa uzi, na mchongaji aliona, kwa sababu amekata kidogo pembeni yake kuuficha. Kila asubuhi kidole changu kinaenda palepale.

Jana jamaa kapita nyumbani, tumekuwa marafiki sasa. Nikamkabidhi, nikamwambia afumbe macho apapase. Kapapasa. Nikamwambia agonge. Kagonga, likaimba, tukanyamaza wote wawili mpaka mlio ukaisha. Kafumbua macho, kaliangalia muda mrefu kweli. Alafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akawasha tochi, akaligeuza chini.