PlayStation ya kwanza au Nintendo 64: watu walichagua nini hasa?

Ubishi huu wa mashine mbili za gemu za miaka ya 90 ukianza tu lazima atokee mtu wa Nintendo 64 (N64) na speki zake, prosesa ya megahezi 93 na ushee dhidi ya 33 na ushee ya PlayStation, RAM megabaiti 4 dhidi ya 2, alafu anauliza kwa uchungu kabisa, sasa nyie mlifuata nini kule? Na kwenye makaratasi ana haki yake. Mashine yake ilitoka Japan Juni 1996, PlayStation ilikuwa sokoni tangu Desemba 1994, kwa hiyo ya kwake ilikuwa mpya zaidi na yenye nguvu zaidi. Ila Sony, mwenye PlayStation, aliuza mashine zaidi ya milioni 102 na Nintendo akaishia kama milioni 33. Tatu kwa moja aisee, hapo huwezi kusema ni matangazo tu.

Mi naona watu wengi hawakuchagua mashine, walichagua bei ya gemu inayofuata. Angalia Marekani. PlayStation iliingia Septemba 1995 kwa dola 299, N64 ikaja mwaka mmoja baadae kwa 199, unaweza kusema Nintendo kawapiga bao kwenye bei, kumbe Sony alishashusha ya kwake hadi 199 miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo dukani mashine ni bei moja. Tofauti inaanzia kwenye shelfu la pembeni, maana gemu ya N64 ilikuwa inafika dola 60 mpaka 70 na zingine zinapita, ya PlayStation 40 hadi 50, na zile zilizouza sana zikaja kushushwa mpaka 20. Mzazi mwenye watoto wawili hahitaji kuambiwa habari za megahezi hapo.

Na bei hiyo chanzo chake ni kaseti, si ile ya muziki, ni kile kiboksi cha plastiki chenye gemu unachokichomeka kwenye mashine. Nintendo aling'ang'ania kaseti wakati wenzake wameshahamia CD. Kaseti ina chipu ndani, kuitengeneza ni hela, alafu inaagizwa wiki nyingi kabla, kwa hiyo kampuni ya gemu inabidi ikisie itauza ngapi, ikikisia vibaya mzigo unalala stoo au dukani wanakosa kabisa. CD unachapa kwa hela ndogo, ikiisha unachapa tena. Na nafasi ndo usiseme, kaseti kubwa kabisa za N64 zilikuwa megabaiti 64, CD moja ni zaidi ya 600. Square, kampuni ya kutengeneza gemu iliyokuwa na Nintendo miaka yote toka enzi za Famicom, mashine yake ya miaka ya 80, wakaona hapana, gemu yao ya hadithi ndefu Final Fantasy VII ikatoka 1997 kwenye PlayStation, CD tatu. Enix, kampuni nyingine ya gemu, nao wakapeleka Dragon Quest VII hukohuko, na Japan hizo mbili si gemu za kawaida, watu wananunua mashine kwa ajili yake. Ndo maana Nintendo nyumbani kwake kabisa hata Saturn, mashine ya kampuni ya Sega, ilimpita kidogo.

Hapo mtu makini atauliza, kama siri ni CD mbona Saturn nayo ilikuwa ya CD na ikafa? Swali zuri, na linapunguza kidogo nguvu ya hoja yangu. Saturn iliingia Marekani Mei 1995 kwa dola 399, ina prosesa mbili ambazo waprogramu wengi walishindwa kuzifanya zifanye kazi pamoja vizuri, na 3D yake ilikuwa ya kulazimisha. Kwa hiyo CD ilikuwa ni kiingilio tu. Sony aliongezea mashine rahisi kuifanyia kazi, na mlango wazi kwa kila kampuni, hata yale magemu ya ajabu ajabu ambayo Nintendo asingeyagusa.

Sasa tuwape wa N64 haki yao maana wengi huwa wanabezwa bure. Wale walichagua sebule. Mashine ina matundu manne ya pedi mbele, PlayStation ina mawili, ukitaka manne ununue kifaa kingine. Ukiwa na GoldenEye, gemu ya kupigana risasi, na ndugu watatu, hakuna kitu PlayStation ilikuwa nacho cha kushindana na hiyo jioni, hakuna. Unachomeka kaseti, unawasha, unacheza, wakati mwenzako bado anaangalia maandishi ya loading. Pedi ya N64 ilikuja na kijiti cha kuelekezea toka siku ya kwanza, na Super Mario 64 ikaonyesha kinatumikaje, Sony akaja kuongeza vyake 1997. (Japo kijiti hicho kilikuwa na balaa lake. Mario Party ilikuwa inataka ukizungushe kwa kiganja, watoto wakatoka malengelenge, mpaka mwaka 2000 Nintendo akakubaliana na mwanasheria mkuu wa New York agawe glavu. Glavu, za kuchezea gemu!)

Na kaseti si kwamba ilikuwa ndogo ya kushindwa kila kitu. Resident Evil 2 ilikuwa CD mbili kwenye PlayStation, jamaa wa Angel Studios wakaikandamiza yote, video mpaka sauti, ikaingia kwenye kaseti moja ya megabaiti 64 mwaka 1999. Video zimechakaa kidogo ndiyo, ila zipo. Kwangu ile kazi ni ya kuvuliwa kofia, sema pia inaonyesha tatizo lenyewe, kitu ambacho kwingine ni cha kawaida, kwa Nintendo kilihitaji mafundi wa hali ya juu.

Huku kwetu mashindano hayakuwepo hata kidogo. CD halali ya PlayStation ina alama fulani ambayo kopi ya kawaida haibebi, mashine isipoiona inagoma. Fundi anachomelea kachipu kadogo ndani ambako kanaidanganya mashine kuwa alama imeonekana, basi, kuanzia hapo CD yoyote ya kuchoma inapiga. Halali ilikuwa nyeusi kwa chini, na vijana wengi wa mtaani waliiona nyeusi hiyo ukubwani. Mwenye banda la gemu anapiga Tekken 3 ya ngumi na Winning Eleven ya mpira kwa CD za bei ya soda, lenzi ikichoka anaipindua mashine juu chini inasoma tena. Angefanyaje hayo na kaseti? Nintendo alisema kaseti inazuia wizi na alikuwa sahihi kabisa, ila wizi huohuo ndo uliomfanya Sony ajulikane kila kona, japo waliotengeneza hizo gemu hawakuona hata senti ya bandani.

Kwa anayetaka kununua moja leo hesabu imegeuka. Lenzi za PlayStation zinakufa na CD zimechunika, kaseti ya 1998 unaifuta vumbi inawaka. Kama una watu wa kucheza nao chukua N64, hakikisha tu kijiti cha pedi hakijalegea. Kama ni wa kucheza peke yako usiku, zile hadithi ndefu zote ziko upande wa pili.