Mwacheni mtoto achore kwa mkaa

Juzi mpwa wangu alirudi kutoka shuleni na mchoro wake wa mashua za Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, umepigwa wino mwekundu juu: "Mchafu. Tumia penseli." Alikuwa amechora kwa mkaa. Nilikasirika, na hasira hazijaisha.

Walimu wa sanaa wa Kisumu, hebu tusemezane. Hiyo penseli ya HB isiyokosa kwenye orodha zenu za vifaa ni grafaiti, madini meusi yanayoacha alama, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, mbinu aliyoisajili Nicolas-Jacques Conté kule Ufaransa mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari huwa mwembamba, wa kijivu. Grafaiti ikizidi, mstari hulainika na kukolea. HB iko katikati. Kwa ramani na jiometri inafaa, hilo siwanyimi. Lakini jaribuni kuikandamiza mpate weusi wa kivuli kilicho chini ya mashua: mtapata kijivu kinachong'aa na karatasi iliyochanika.

Mkaa ni mambo mengine kabisa. Chembe zake hushika vinundu vya karatasi, kwa hiyo mstari ule ule huanza mzito na kuishia vumbi tu. Ukiulaza ubavu, kivuli kizima kinajaa kwa mkupuo mmoja. Ukiusimamisha kwa ncha, unachora kamba ya nanga. Tazameni alichofanya huyu mtoto. Pale mashua inapokalia maji, alikandamiza. Pale tanga linaposhika upepo, akaulegeza mkono, mstari ukakatika katikati kisha ukaendelea. Amehisi uzito wa chombo na wepesi wa kitambaa, akauweka kwenye karatasi. Huo ndio uchoraji wenyewe! Madoa ya vidole yapo, sawa, lakini hayo hupungua kwa mazoezi.

Biro nayo ina somo lake: haifutiki, basi mtoto hujifunza kuamua kabla ya kuchora.

Na msiseme hakuna pesa. Mkaa wa kupikia mara nyingi ni mgumu, hukwaruza karatasi, kwa hiyo chukueni vijiti vikavu vya mti laini. Vitieni kwenye mkebe wenye kifuniko na tundu dogo, muuweke kwenye jiko hadi moshi uishe. Msiufungue kabla haujapoa, vijiti vitashika moto. Muhula ujao orodha iandikwe hivi: penseli moja ya HB, moja ya 4B iliyo laini na nyeusi zaidi, na mkebe wa vijiti kwa darasa zima.