Pima waya kabla ya kufungua kompyuta

Kuna hukumu moja inayotolewa haraka mno kwenye meza za mafundi wetu: "Hili tundu la HDMI limekufa." Mteja amekuja na malalamiko mafupi, amechomeka monita kwenye kompyuta mpakato na haileti picha, na kabla hajamaliza kueleza bisibisi imeshashikwa. Naamini kompyuta nyingi zinafunguliwa bure namna hiyo. Na kufungua si jambo dogo: vishikizo vya plastiki huvunjika, skrubu hupotea, utepe wa kibodi huchanika, na mtu aliyekuja na tatizo moja anaondoka na mawili. Tundu kufa kupo, tena nitaeleza linavyouawa. Ninachopinga ni kulizika kabla ya kulipima.

Wengi hawajui kwamba kompyuta haitumi picha kwa upofu. Ukichomeka waya wa HDMI, vifaa hivi viwili husalimiana kwanza. Kompyuta hupeleka umeme mdogo wa volti 5 kupitia pini ya 18, monita hujibu kupitia pini ya 19 kwamba ipo, ndipo kompyuta husoma maelezo yaliyohifadhiwa ndani ya monita: imetengenezwa na nani, inabeba picha ya ukubwa gani, inapokea picha ngapi kwa sekunde. Maelezo hayo huitwa EDID. Utaratibu wake uliwekwa na VESA, shirika la viwango vya skrini, mwaka 1994, na sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu, ndogo kuliko SMS moja. Baiti hizo zisiposomeka, kompyuta itasema haioni kitu, au itaiona monita na kuipa picha ya ukubwa usio wake. Vumbi kwenye pini moja linatosha kuleta hali hiyo. Uzi mmoja uliokatika ndani ya waya unatosha. Tundu ni zima, monita ni nzima, ila salamu haikufika.

Kwa hiyo monita ikiandika No Signal kisha ikajizima, usianze kuuliza nini kimeharibika. Uliza: kompyuta inaiona? Kwenye Windows fungua mipangilio ya skrini uone kama zimetokea mbili, zenye namba 1 na 2. Kwenye Linux inayotumia mfumo wa X11, andika xrandr kwenye dirisha la amri, itakutajia kila tundu na hali yake. Kama monita inaonekana pale lakini yenyewe iko giza, mara nyingi shida iko kwenye mipangilio au kwenye kasi ya picha, na si wakati wa skrubu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Zitatokea njia nne, na mara nyingi utakuta imechaguliwa ile ya skrini ya kompyuta peke yake. Kama mambo yameganda, vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B vikibonyezwa kwa pamoja huwasha upya draiva ya picha, yaani programu inayoiongoza, na kazi uliyokuwa umefungua inabaki palepale.

Kama haionekani kabisa, fuata njia ya waya. Hakikisha monita imewekwa kwenye tundu ulilochomeka, maana runinga na monita nyingi zina matundu zaidi ya moja na hazihami zenyewe kila mara. Kisha badilisha kitu kimoja, kimoja tu, utazame. Waya uleule kwenye kompyuta nyingine. Kompyuta ileile kwenye monita nyingine. Mtu akibadilisha waya, adapta na monita kwa mpigo, picha ikirudi hatajua kosa lilikuwa wapi, na kesho atanunua kitu asichokihitaji.

Adapta ndizo zinazowatesa watu wetu kuliko chochote, na sababu yake inaeleweka. Monita za mtumba zinazojaa Kariakoo, au pale Luthuli Avenue jijini Nairobi, nyingi zina matundu ya zamani ya VGA na DVI. Projekta za shule na kumbi nyingi bado zina VGA. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987, na inapeleka picha kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. HDMI, iliyotoka mwaka 2002, inapeleka tarakimu. Mwaka 2010 Intel, AMD na watengenezaji kadhaa wa kompyuta na skrini walitangaza kwamba wangeiacha VGA ifikapo 2015, na kwenye kompyuta mpya nyingi kweli imetoweka, lakini monita zenyewe zipo na zinafanya kazi. Mimi siungi mkono wanaosema zitupwe. Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, monita ya inchi 19 ya bei nafuu ni msaada mkubwa kwa macho na shingo yake.

Kati ya tarakimu na mawimbi lazima pawe na kifaa cha kugeuza, na kifaa hicho kinageuza upande mmoja tu. Adapta inayotoa HDMI kwenda VGA haiwezi kurudisha VGA kwenda HDMI, hata kama kwa macho zinafanana. Mwalimu mmoja ninayemfahamu aliambiwa mazabodi ya kompyuta yake inahitaji kuchomelewa tundu jipya ili aweze kutumia projekta. Alikuwa ameuziwa adapta ya kwenda kinyume. Hakuna aliyesoma maandishi madogo yaliyochapwa juu ya plastiki yake. Waya wenye DisplayPort, tundu jingine la picha ya tarakimu, upande mmoja na HDMI upande wa pili una tabia hiyohiyo: picha inatoka kwenye DisplayPort ya kompyuta kwenda kwenye HDMI ya monita, ukiugeuza haufanyi kazi. Tena adapta nyingine zina kitundu kidogo pembeni cha kuongezea umeme wa USB. Kikiachwa wazi, picha huja ikakatika, na kompyuta inalaumiwa.

Sasa tuje kwenye USB-C, au Taipu C kama tunavyoiita, kwa sababu hapa lawama yangu haiendi kwa fundi wala kwa mteja. Umbo hili lilitoka mwaka 2014, lina pini 24, na wanunuzi wakaaminishwa kwamba sasa tundu moja litafanya kila kitu. Kilichofanana ni umbo. Tundu moja la USB-C linachaji tu na kupitisha mafaili. La pili, kwenye kompyuta inayofanana nayo kwa nje, linatoa picha kwa sababu aliyeitengeneza aliunganisha pini zile na DisplayPort. Ukitazama vizuri unaweza kukuta alama ndogo kando ya tundu: herufi D iliyobeba P, au radi ya Thunderbolt. Lakini watengenezaji wengi hawaweki alama yoyote, hata pale uwezo upo. Naona hilo ni kumkosea mnunuzi. Mtu hapaswi kutafuta kurasa za vipimo kwenye intaneti ili ajue tundu la kompyuta aliyoilipia linafanya nini.

Nyaya zake nazo ni vilevile. Waya uliokuja na simu kwa ajili ya kuchaji kwa kawaida una nyuzi za umeme na zile za USB 2.0 tu. Zile jozi za kasi zinazobeba picha hazimo. Ukiuchomeka kati ya kompyuta na monita ya USB-C, kompyuta inaweza kuanza kuchaji na skrini ikabaki giza, na hakuna programu itakayolitengeneza hilo. Dukani nyaya zote mbili zinaning'inia kwenye msumari mmoja, zimeandikwa Type-C, basi. Muuzaji akiulizwa kama unapitisha picha atajibu "inapitisha", maana hata yeye hajaambiwa na aliyemuuzia. Ninaomba wenye maduka watenge nyaya hizi na kuziandika kwa Kiswahili: wa kuchaji, wa picha. Kalamu na kipande cha karatasi vinatosha, na vitamwokolea mteja nauli ya kurudi.

Kuna mipaka mingine isiyo ubovu. MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1 inakubali monita moja tu ya nje kwa njia ya kawaida, kwa hiyo adapta ya matundu mawili ya HDMI haitaleta skrini mbili tofauti. Adapta zinazochomekwa kwenye USB ya zamani na kutoa HDMI nyingi zinategemea draiva yake maalumu. Isipowekwa, hazileti kitu. Na ukikuta maandishi na picha zako zote zinaonekana kwenye monita lakini filamu ya kulipia ni giza, ni kinga ya hakimiliki inayoitwa HDCP, ambayo VGA haina. Hapo hakuna cha kuchomelea.

Picha inayokuja na kuzimika kila baada ya muda mfupi inahitaji jaribio ambalo halina gharama. Picha ya 4K kwa mara 60 kwa sekunde inahitaji HDMI 2.0 ya mwaka 2013. Toleo la 1.4 la mwaka 2009 linaishia mara 30 kwa ukubwa huo. Waya dhaifu au mrefu sana hushindwa kwanza kwenye kasi ya juu. Ingia kwenye mipangilio, shusha kutoka 60 hadi 30, au shusha ukubwa hadi 1920 kwa 1080. Picha ikitulia, umempata mshukiwa: ni waya, au adapta iliyo katikati. Ingekuwa tundu limevunjika pini, kushusha kasi kusingeleta utulivu wa namna hiyo.

Nilisema nitaeleza tundu linavyouawa. Huku kwetu linauawa na umeme usio na ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Soketi zetu ni za pini tatu za mraba, lakini nyumba nyingi ethi haikufungwa ipasavyo, au ekstensheni ina nyuzi mbili ndani, au plagi ya pini mbili imelazimishwa kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu. Chaja za kompyuta na vifaa vya umeme ndani ya monita huvujisha umeme kidogo kwenda kwenye chuma cha nje, na kazi ya ethi ni kuumeza. Ethi isipokuwepo, umeme huo hukaa kwenye chuma hicho cha nje. Ndio ule unaousikia ukipapasa kompyuta ya chuma ikiwa kwenye chaja, mkono unawasha kama umepitishiwa sindano ndogondogo. Ukichomeka HDMI wakati huo, umeme unatafuta njia kupitia waya, na vichipu vidogo nyuma ya tundu havikutengenezwa kuustahimili. Kwenye VGA unaweza kuuona kwa macho: mistari mipana inayotambaa polepole juu ya picha.

Hili nalitilia mkazo kwa sababu linazuilika. Zima monita ukutani, chomoa chaja, unganisha waya, kisha washa. Chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli, na kama huna hakika nayo mwite fundi umeme aipime. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, monita ikagoma, ichomoe kabisa ukutani kwa dakika chache kabla ya kuitangazia kifo. Wakati mwingine sakiti yake imeganda tu na inahitaji kuisha chaji.

Kwa fundi ombi langu ni moja: uwe na monita unayoiamini na waya unaouamini mezani, na upime mteja akiona. Ukimwonyesha kompyuta yake imeshindwa kwenye waya ambao dakika iliyopita ulifanya kazi kwa kompyuta nyingine, hapo neno lako lina uzito, na atakulipa bila kinyongo.

Na unayenunua monita ya mtumba wiki hii, nenda na kompyuta yako, chaja yako na waya wako mwenyewe. Omba iwashwe kabla ya kutoa pesa. Iweke kwenye ukubwa wake kamili wa picha, tikisa plagi taratibu ilipoingia, iache imewaka wakati mnazungumza bei. Jaribu kila tundu la nyuma, siyo lile moja analokuonyesha muuzaji. Akikataa kuiwasha, nenda duka linalofuata.