Hivi Zebra Nayo Ni Imani?

Jamani, hizi zebra zilichorwa ili tuvuke, au lami ilikuwa inaona aibu kukaa uchi? Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, ina umri wa kuwa na wajukuu, na inataka gari limpishe mtu aliyeko kwenye kivuko. Sasa simama wewe Dar es Salaam, tia mguu mmoja kwenye rangi nyeupe uone. Dereva anakutazama usoni, anakupigia honi ndefu, anapita. Kioo cha nyuma kimeandikwa "Mungu Mwema". Mwema kweli, maana bila yeye ungekuwa Muhimbili saa hizi.

Na anayeua siyo yule asiyesimama. Muogope aliyesimama. Kwenye barabara ya njia mbili upande mmoja, mstaarabu anafunga breki, anakupungia mkono, unavuka unatabasamu. Yule wa njia ya pili hakuoni, umezibwa na gari la mstaarabu. Anadhani mwenzake anashusha abiria, anampita kwa kasi. Sheria inakataza kulipita gari lililosimama kwenye zebra, na sababu ni hiyo. Gari la kilomita 50 kwa saa linakula mita 14 kwa sekunde moja. La 80 linakula mita 22. Mpaka mguu wa dereva utoke kwenye mafuta ufike kwenye breki, sekunde yenyewe imekwisha na bado gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Kwa hiyo vuka mpaka usawa wa bampa la aliyesimama, ganda hapo, chungulia, ndipo umalizie. Ule mkono anaokupungia unatoa ruhusa ya njia yake tu. Kwa jirani hana mamlaka.

Taa nazo zimekuwa lugha ya pili ya taifa, ila kamusi hakuna. Akikuwashia full mara mbili barabara ya mkoani, maana zake ni tatu: kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo mbele, pita wewe, au kaa pembeni napita mimi. Utajua mwenyewe ni ipi, na una nusu sekunde. Lori mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto, dereva anakwambia njia nyeupe, ovateki. Akiwasha ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Au anakata kona kulia kweli. Haya, chagua. Pembetatu ya kuakisi imo kwenye buti, haijatolewa kwenye nailoni yake, maana ni ya kumwonyesha trafiki. Gari likiharibika yanakatwa matawi ya mwarobaini yanatandazwa barabarani. Gari linapona, linaondoka, matawi yanabaki yakitangaza msiba usiokuwepo mpaka yakauke.

Mkanda? Unapitishwa kifuani, unabanwa na kiwiko, haujachomekwa popote. Wakishampita mwenye nguo nyeupe, unarudi zake ukutani fyuu. Helmeti ya bodaboda inavaliwa na mkono. Siku akianguka, kiwiko kitabaki salama kabisa.

Halafu ndiyo tunalia faini kali. Faini ya papo kwa papo ni 30,000 kwa kosa moja. Kwa nauli ya 600, hao ni abiria 50 umewabeba bure, konda ameita mpaka sauti imekwama. Bodaboda na bajaji walishapunguziwa ikawa 10,000, na bado wananuna. Trafiki anaingiza namba ya gari kwenye kimashine chake, unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu. Ukikausha siku 7, deni linanenepa. Na deni linaishi kwenye namba ya gari, kwa hiyo ukinunua gari la mkononi bila kuangalia namba yake kwenye mfumo wa polisi, umenunua na dhambi za mwenzio. Watu wanakagua injini, wanapiga-piga bodi, wanamleta mpaka fundi. Namba hawaangalii.

Siasa sitaki kuingia, lakini nani kanizuia? Msafara wa kiongozi ukipita tunasimamishwa wote, na hakuna anayebisha: sheria inafuatwa kwa utulivu kama wa msikitini. Zebra ingekuwa na king'ora tungeiheshimu. Wakati wa kampeni bodaboda wanajaziwa mafuta, wanabebana mishikaki watatu watatu, bendera mkononi, helmeti hakuna, na siku hiyo trafiki wote wana kazi barabara nyingine.

Sasa mguse dereva huyohuyo akiwa nyumbani kwake, umwambie apunguze spika ya mahubiri. Anakuwa mwanasheria. "Unaingilia imani yangu!" Katiba ya 1977 ameishika ibara moja tu, ya 19, nayo amesikia nusu. Ibara ya 19 inakupa uhuru wa kuamini, kuabudu, kueneza dini na hata kubadili dini. Kweli. Lakini haikusema uieneze saa nane usiku kwa spika mbili zilizogeuzwa dirishani kwa jirani. Ukisogea mbele kidogo ukafika ya 30, unaambiwa haki yako isitumike kukanyaga haki ya mwenzio. Ni kama kipilefti: unayo haki ya kuingia, lakini wa kulia kwako aliyekwishaingia kwanza apite. Sheria ya Kanuni za Adhabu, kifungu cha 129, inamshika anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini ya mtu. Kwa kusudi! "Naomba upunguze sauti, mtoto amelala" si kashfa ya dini hata ukiipeleka kwa hakimu mwenye hasira.

Pale ambapo ulinzi wa imani una meno, hatuendi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kukubagua kwa dini, na pia kwa maoni ya kisiasa. Wakikuachisha kazi kwa sababu hiyo, una siku 30 kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Unajaza fomu namba 1, nakala unampa mwajiri kwanza, unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo unaipeleka Tume. Mtu anakaa miezi minne anaombewa na shangazi, anakumbuka sheria siku ya 120. Hapo sasa inabidi aombe kwanza asamehewe kuchelewa, na "nilikuwa nasubiri majibu ya maombi" sijui kama kuna kisanduku chake kwenye fomu.

Chama cha siasa cha dini huwezi kusajili, Katiba imekataa. Bila chama hugombei, Katiba imekataa tena. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hilo la mgombea binafsi tangu miaka ya tisini, akashinda Mahakama Kuu, Katiba ikabadilishwa, akarudi tena, mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki mwezi Juni 2013. Mchungaji, mwanasiasa, mtu wa mahakamani. Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi, ajali ya gari ikamuua huko Chalinze. Hapo utani unanikauka.

Basi panda kipanya jioni. Siti zimeisha lakini konda anasema "songea nyuma, kuna nafasi", na nafasi yenyewe ni kwapa la mtu. Mhubiri amesimama mlangoni, yuko Ufunuo. Nyuma wawili wanagombana, wa chama tawala na wa upinzani, kila mmoja anadai ana uhuru wa maoni, ibara ya 18. Mama mmoja anavuta tasbihi. Ghafla mbele pale, kofia nyeupe. Konda anapiga bodi: "Inameni! Inameni!" Na wote wanainama, mhubiri, tasbihi, tawala na upinzani, paji kwa paji, pumzi zimebanwa, hakuna aliyeuliza kama inapingana na imani yake. Trafiki anachungulia dirishani, anahesabu vichwa vilivyokaa, anaona kila siti na mtu wake. Anapunga mkono, pita.

Konda anagonga bati. Dereva anakanyaga mafuta. Mbele hatua thelathini kuna zebra, na mtu kashatia mguu.