Sare za Harusi ya Binamu

Jumapili nimekula wali kwa amani dakika nne tu. Ya tano mke wangu kanisimamishia simu mbele ya sahani, kaiegemeza kwenye jagi la maji. "Baba Zawadi, hebu ona wenzetu."

Naangalia. Familia ya kifalme ya Uingereza wamesimama roshani ya jumba la Buckingham, wamejipanga kama glasi za kabatini zile za wageni, wanapunga mikono.

"Ona ndugu wanavyopendana. Wewe mchango wa harusi ya mtoto wa dada yako tu umekushinda, mpaka umejitoa kwenye grupu."

Jamani. Kwanza, sikujitoa. Nilibonyeza vibaya. Sikurudi kwa sababu hakuna aliyenibembeleza. Pili, huyo "dada yangu" ni mtoto wa mama yangu mkubwa, na mara ya mwisho kunipigia simu bila kutaja hela, daladala nauli ilikuwa shilingi mia mbili na hamsini.

Lakini kilichoniuma ni hiyo roshani. Nikaweka kijiko chini. Mama Zawadi, nikamwambia, watu wakipangwa roshani wote wanapendana. Ungewaona hao hao mwaka 1913 ungelia kwa wivu.

Tarehe 24 Mei 1913, Berlin. Kaiser Wilhelm wa Pili wa Ujerumani anamwoza bintiye wa pekee, Victoria Louise. Kadi zimetoka, na kwenye meza ya mbele kuna Mfalme George wa Tano wa Uingereza na Mfalme Nicholas wa Pili wa Urusi. Wazungu hawa wote wanawaita neno moja tu, binamu, wamemaliza. Sisi tunaojua ukoo tunajua kwamba hapo kuna kazi. Mama yake Wilhelm na baba yake George ni ndugu, wote watoto wa Malkia Victoria, kwa hiyo Wilhelm ni mtoto wa shangazi. Nicholas na George mama zao ni dada, mabinti wa mfalme wa Denmark, na wamefanana hao mpaka ukiwaweka kwenye picha unauliza yupi ni yupi. Halafu Nicholas kaoa Alix, mjukuu mwingine wa Victoria, ambaye mama yake ni mdogo wake mama yake Wilhelm. Kwa hiyo Nicholas kwa Wilhelm ni shemeji. Hiyo si familia, hiyo ni nyavu ya dagaa.

"Na hiyo posa ya Alix ilikamilika wapi?" nikamuuliza mke wangu. Akanikodolea macho. Kwenye harusi ya watu! Mwaka 1894, mji wa Coburg, kaka yake Alix anaoa, bibi Victoria mwenyewe kafunga safari kuja, na Nicholas badala ya kula akaondoka akavizia jibu la posa. Siku ya pili ya harusi watu wanazungumzia wachumba wapya, bwana harusi na bibi harusi wamesahauliwa. Na maharusi hao nao walikuwa binamu, na baada ya bibi kufa wakaachana mwaka huo huo, 1901.

Sasa tuje kwenye sare, maana sare ndiyo iliyonifikisha nilipofika.

Wafalme hawa walikuwa na mtindo wa kupeana vyeo kwenye majeshi yao. Wewe unakuwa kanali wa heshima kwangu, mimi kwako, na ukija kunitembelea unavaa sare ya kwangu. Huko Berlin, George na Nicholas wamepiga picha wamesimama pamoja, mmoja wa Uingereza, mmoja wa Urusi, wote wamevaa sare za jeshi la Kijerumani. Wamependeza kama kamati.

Wilhelm ndiye aliyekuwa mgonjwa kabisa wa sare. Mwaka 1889 bibi yake Victoria alimpa cheo cha admirali wa jeshi la majini la Uingereza. Alifurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Idi. Na furaha yenyewe ikamtuma kufanya nini? Akarudi kwao akaanza kujenga manowari zake kushindana na za bibi. Hapo nilimkumbuka shemeji yangu mmoja. Nilimfundisha kutengeneza mafriji, nikamwazima na mita yangu ya kupimia gesi, leo ana banda lake mkabala na langu, na mita hajarudisha.

Lakini sitaki kumsema Wilhelm kwa ubaya tu. Bibi alipokuwa anakata roho, Januari 1901, alikimbia kutoka Ujerumani akakaa kitandani, akamshikilia bibi kwa mkono wake mmoja mzima, maana wa kushoto alizaliwa nao mbovu. Alimshikilia muda mrefu bila kubadilisha upande, maana upande mwingine hana. Mjukuu wa namna hiyo kwenye msiba ungemsema nini?

Bibi akaenda zake. Na wewe unajua, nyumba ikishakosa bibi, kikao cha ukoo kinakuwa cha kutafutana.

Mwaka mmoja tu baada ya ile harusi ya Berlin, mrithi wa kiti cha Austria akauawa Sarajevo, wakubwa wakaanza kukusanya majeshi. Wilhelm na Nicholas wakaanza kupelekeana simu za maandishi, usiku na mchana, mwishoni mwa Julai 1914. Wanaandikiana Kiingereza. Huyu anamalizia "Willy", yule anamalizia "Nicky". Mmoja anamwomba mwenzie asimamishe jeshi, mwingine anajibu wewe ndiye usimamishe. Ni grupu letu tupu: kila mtu anasema kwa upole, kila mtu keshakasirika. Tarehe 1 Agosti Willy akamtangazia Nicky vita. Siku tatu baadaye George naye akaingia, upande wa Nicky.

"Sasa kujitoa kwenye grupu," nikamwambia Mama Zawadi, "wa kwanza si mimi." Mwaka 1917 Waingereza wakaanza kunong'ona kwamba mfalme wao ana jina la ukoo la Kijerumani, Saxe-Coburg na Gotha, na ni kweli, lilikuwa la babu yake, Albert. George hakubishana. Tarehe 17 Julai akatangaza kuanzia leo sisi ni Windsor. Windsor ni nini? Ni nyumba! Kasri lao. Ni sawasawa na mimi nijitoe ukoo wa baba yangu nijiite Mbagala Rangi Tatu.

Na Nicholas? Alikuwa ameshaondolewa kwenye kiti Machi ile ile ya 1917. Serikali ya Uingereza ikasema sawa, aje na familia tukae naye. George akaogopa. Watu wake nao walikuwa na njaa na hasira, atawaambia nini akimkaribisha mfalme aliyefukuzwa? Akamtuma katibu wake aandike barua, na nyingine, mpaka mwaliko ukafutwa. Mtoto wa mama yake mdogo, uso mmoja. Usiku wa kuamkia 17 Julai 1918, mwaka mmoja kamili tangu lile jina jipya, Nicholas, Alix na watoto wao watano wakapigwa risasi chumba cha chini ya nyumba, Yekaterinburg.

Hapo mke wangu alizima simu. Wali ulikuwa umeshapoa.

"Na yule wa mkono?" akauliza baadaye, anatoa vyombo.

Yule alikimbilia Uholanzi Novemba 1918. Akakaa huko kijijini Doorn anapasua kuni mpaka alipokufa 1941. Hakuna aliyemwalika tena kwenye harusi.

"Kwa hiyo?" akasema.

"Kwa hiyo usinionyeshe roshani."

"Kwa hiyo kesho utapita Kariakoo kuchukua vitenge vya sare. Kamati imekupanga."

"Imenipangaje, na mimi nimejitoa?"

"Nimekurudisha."

Basi Jumatatu nipo Mtaa wa Kongo, nimepewa rangi kwenye karatasi: "pichi iliyotulia." Duka la kwanza pichi ipo lakini inapiga kelele. La nne ndipo nikaipata imetulia, pisi thelathini, robota limefungwa kwa kamba. Mchukuzi anataka elfu tano mpaka Gerezani. Elfu tano! Nikajitwisha mwenyewe.

Na hapo jua la saa saba, jasho linaingia machoni, ndipo nikakumbuka nilipo. Kariakoo. Jina lenyewe limetokana na lile jeshi la wapagazi la Waingereza, Carrier Corps, lililopiga kambi hapa baada ya kuuteka mji 1916. Wazee wetu waliswagwa kubeba risasi na unga wa wakubwa kwa miguu, nyika na mabwawa, makumi elfu wakafa kwa njaa na kuhara. Kwa sababu Willy kagombana na Nicky. Pale mjini kati kuna sanamu ya askari kashika bunduki, na wapagazi wametajwa kwenye kibao, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kichwa hakikutajwa, na mzigo ulikuwa kichwani.

Nikasimama chini ya kivuli cha turubai, nahema. Mama mmoja mnene, begi mbili za plastiki miguuni, akaniita kwa mkono.

"We kuli! Mpaka Msimbazi bei gani?"

Nilitaka kumjibu. Kweli nilitaka. Lakini ahadi yangu kwa kamati bado imebaki elfu hamsini, na mweka hazina anaisoma kwa sauti kila Jumapili.

"Mama," nikamwambia, "una kilo ngapi?"