Pikipiki ya umeme ni yako, betri je?

Tangu Januari 2025, Kigali haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa kazi ya kubeba abiria. Anayeingia kwenye kazi hiyo sasa anaingia na ya umeme. Nairobi na Mombasa hakuna amri ya namna hiyo, lakini pikipiki za umeme zinazidi kuongezeka barabarani, na Dar es Salaam nako watu wameanza kuzizoea. Kijiweni maoni yamegawanyika. Wapo wanaosema zimewaondolea mzigo wa mafuta, na wapo wanaosema wametoka kwa tajiri mmoja wakaangukia kwa mwingine. Mimi naziunga mkono pikipiki hizi bila kusita. Hata hivyo, naamini kundi la pili lina hoja nzito ambayo serikali zetu hazijaisikiliza vya kutosha. Hoja hiyo haihusu umeme. Inahusu nani mwenye betri.

Faida yake si ya kutilia shaka. Dereva wa bodaboda mjini hukimbia kilomita mia moja au zaidi kwa siku, na mafuta ndiyo yanayokula mapato yake kuliko kitu kingine chochote ukiacha hesabu ya mwenye pikipiki. Kenya, EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, hutangaza bei mpya ya mafuta kila tarehe 14. Tanzania, EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Septemba 2023 lita moja ya petroli Nairobi ilivuka shilingi 200, na abiria aliyezoea kulipa hamsini hakukubali kuongeza kwa sababu tu bei imepanda usiku wa kuamkia leo. Nyongeza ile ilitoka mfukoni mwa dereva. Sasa linganisha mitambo yenyewe. Injini ya petroli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, na sehemu kubwa iliyobaki hupotea kama joto. Mota ya umeme hutumia zaidi ya asilimia 80 ya nishati inayopewa. Haina oili ya kumwaga, haina plagi, haina kabureta ya kusafisha. Mafundi wengi watapoteza kazi ndogondogo za kila wiki, na hilo linahitaji mafunzo mapya mapema, lakini si sababu ya kumfunga dereva kwenye petroli.

Kuna na faida ya nchi nzima. Petroli yetu tunaiagiza kwa dola. Umeme wa Kenya, karibu asilimia 90, unatoka kwenye jotoardhi ya Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Tanzania imejenga bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115. Usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, mvuke wa Olkaria unaendelea kutoka ardhini, na mwingine huachiwa hewani kwa kukosa wateja wa umeme. Betri zinazochajiwa saa hizo zinatumia nishati ambayo ingepotea. Ndiyo maana Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri mwaka 2023, nafuu zaidi saa za usiku.

Tuje kwenye betri. Ndiyo kifaa ghali kuliko vyote kwenye pikipiki hizi, na dereva wa kawaida hawezi kuilipia mara moja. Kampuni nyingi zikapata njia: dereva ananunua au anakopeshwa pikipiki, betri inabaki mali ya kampuni. Ikikaribia kwisha anaingia kituoni, anaacha iliyochoka, anachukua iliyojaa, na baada ya dakika chache yuko barabarani. Kampuni ya Ampersand iliianza biashara hii Kigali mwaka 2019, na wengine wakafuata Nairobi, Kampala na Lomé, mji mkuu wa Togo. Tuseme ukweli: bila utaratibu huu, pikipiki za umeme zingebaki za wenye fedha. Betri hupungua nguvu kadiri inavyochajiwa, na hasara hiyo anaibeba mwenye kampuni, si dereva.

Lakini tazama dereva amekabidhi nini. Mwenye pikipiki ya petroli akiishiwa njiani ananunua mafuta ya shilingi mia, kwenye kituo chochote, hata kwenye chupa pembeni mwa barabara ya kijijini. Mwenye pikipiki ya umeme ya betri za kubadilisha ana duka moja tu. Betri ya kampuni hii kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Bei ya kubadilishia ikipanda, hana pa kuhamia. Akipata abiria wa kwenda mbali na mji, anamwacha, kwa kuwa vituo vingi viko mijini. Umeme ukikatika, kama ulivyokatika karibu Kenya nzima Agosti 25, 2023, muda si mrefu betri zilizojaa zinakwisha vituoni, na siku yake imekwisha. Isitoshe, betri hizi zina mfumo unaoiwezesha kampuni kujua ziko wapi na kuzizima kutoka mbali. Deni likichelewa, mashine inakufa.

Kuzima kwa mbali kuna upande wake mzuri, na si haki kuuficha. Pikipiki za bodaboda huibwa sana, na madereva huuawa kwa ajili yake. Betri isiyofanya kazi mikononi mwa mwizi ni kinga ya maisha. Ndiyo pia inayomfanya mkopeshaji amwamini kijana asiye na hati ya shamba. Kwa hiyo sitaki uwezo huo upigwe marufuku. Nataka uwekewe sheria: dereva apewe taarifa mapema, asizimiwe akiwa safarini, na awepo mtu wa tatu wa kumpelekea malalamiko kabla siku yake ya kazi haijapotea. Leo mengi ya hayo yanaamuliwa na mkataba alioutia saini akiwa na haraka ya kuanza kazi.

Dawa ya ukiritimba ni betri zinazoingiliana. Japani, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki walikubaliana mwaka 2021 juu ya kiwango kimoja cha betri za kubadilisha. Kampuni hapa kwetu hujibu kwamba teknolojia bado inabadilika, na kiwango kikiwekwa mapema kitatufunga kwenye betri za jana. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tunajua gharama ya kungoja. Fedha za simu zilianza Kenya mwaka 2007, na kutumiana pesa moja kwa moja kati ya mitandao kukaja 2018. Tanzania ilitangulia, mwaka 2014. Pale ilitosha kuunganisha kompyuta. Pikipiki laki moja zilizochomelewa fremu za maumbo tofauti haziunganishwi kwa programu. Kwa sasa ningeridhika na hatua ndogo: kila pikipiki inayosajiliwa iweze pia kuchajiwa kwenye soketi ya kawaida, kama baadhi ya zinazoundwa Nairobi zinavyoweza tayari. Mpangaji wa chumba kimoja ghorofa ya sita, kwenye mita anayochangia na majirani, bado atahitaji kituo. Ila mwenzake wa nyumba ya chini, au wa Kitui na Morogoro, atakuwa na njia ya pili.

Na kuna swali la kampuni kufilisika. Israeli iliwahi kuwa na Better Place, kampuni ya kubadilisha betri za magari iliyokusanya mamia ya mamilioni ya dola. Mei 2013 iliomba kufilisiwa, na vituo vyake vikafungwa. Wenye magari yale walau waliweza kuyachaji nyumbani. Dereva wetu ambaye pikipiki yake haina tundu la chaja angebaki na fremu, magurudumu na deni la mkopo. Kabla ya kutoa leseni nyingine ya vituo, mamlaka zetu zidai dhamana ya fedha ya kuviendesha kwa miezi kadhaa kampuni ikianguka, na michoro ya betri ihifadhiwe serikalini ili mwingine aweze kuzitengeneza.